Gunia la Bi Mize

Bi Mize tulimzika Jumatano baada ya adhuhuri, na siku ya hitima, wanaume tukiwa bado barazani tunamalizia kahawa, Zuwena alitokeza mlangoni akaniita kwa kichwa tu nimfuate uani. Zuwena ni mtoto wa ndugu yake marehemu, ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Nilijua anachotaka kunionesha kabla hajaligusa turubali. Kilikuwa pale pale kwenye banda la nyuma, kigari chekundu cha viti viwili, hakina paa, chepesi hata vijana wanne hukinyanyua, ambacho Gombani nzima walikuwa wakikiita Kiatu. "Ami Kombo," aliniambia, "amepatikana mtu wa kulichukua. Kijana wa Wete. Anataka alikute linakwenda sawa, lisivute upande. Utaweza?" Nikamwambia, mwanangu, hili gari kama halinijui mimi basi halimjui mtu. Nilifungua mlango wa kushoto, wa abiria, kwa mazoea tu, nikatazama kiti. Kiti cha dereva kilikuwa kimeliwa na panya kidogo pembeni, lakini sponji yake ilikuwa bado imesimama. Cha kushoto kilikuwa kimebonyea katikati, na juu yake pana mto mdogo wa sufi. "Alikuwa akija kukaa humo," Zuwena alisema. "Tangu Mzee, mumewe, alipofariki. Akishaswali alasiri anachukua tasbihi yake, anakuja anakaa. Nikimwita, ananambia, hebu niache miye, nimo safarini." Basi hapo nililia. Mtu mzima, mjukuu ninaye, nimesimama bandani na kofia mkononi, nalia mbele ya mtoto wa kike, na wala sikuona haya.

Mwaka ninaotaka kuusema ni ule ambao karafuu ziliitika, zikazaa Pemba nzima, ukipita njia yoyote kuanzia Chake mpaka Wete unanusa karafuu mpaka kichwa kinauma. Habari za nilikotoka na nani alinizaa nitaziacha, hazina kazi hapa. Nilikuwa kijana, nimeshatoka kwenye gereji ya fundi aliyenifundisha na nimefungua yangu, yaani mti mmoja, jeki moja na sanduku la spana, na nilikuwa nimepanga chumba cha mbele kwenye nyumba ya Bi Mize. Chumba kile naweza kukichora hata leo. Kitanda cha kamba kilichokuwa kikilia kila nikigeuka, mkeka, msumari mmoja wa kutundikia kanzu ya Ijumaa, na dirisha la mbao linalofungukia barazani. Ovaroli haikuwa na ruhusa ya kuingia ndani. "Hiyo ngozi yako ya oili iache uani," Bi Mize alikuwa akinambia kila jioni, kama vile jana yake sikuiacha. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika juu kwenye paa, ulikomea pale mtu anapoweza kutupa kiatu kikapita, na maneno yote ya nyumba ile yalipita hapo. Sikuwa nasikiliza, lakini na pamba masikioni sikutia.

Asubuhi Bi Mize alikuwa akinipakulia muhogo wa nazi na kipande cha nguru wa kukaanga, na chai ya mkandaa yenye mchaichai, na mimi nilikuwa nakula nimekaa kwenye kizingiti cha jiko la uani huku yeye akinisema. Alikuwa mwanamke mkubwa, wa kifua na mabega, anayeteka maji mwenyewe na kuyabeba ndoo mbili bila ya kupumzika. Sauti yake nzito kidogo. Watu walimheshimu na nusu yao walimwogopa. Na kila mtu alijua habari yake: kuwa aliolewa msichana mdogo, mwembamba, na mume aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, kuwa mume aliondoka harusi haijapoa, akisema safari moja tu, na kuwa safari ile moja ilichukua ujana wake wote. Pesa zilikuja, salamu zilikuja na watu, yeye hakuja. Sababu zake baadaye nilizisikia nyingi, na nyingine zilikuwa za kweli. Ndugu zake Bi Mize kwao Kengeja walimwambia adai talaka aolewe na mtu anayelala nyumbani. Alikataa. Wakamcheka, kisha wakamhurumia, na alikuwa akisema huruma ndiyo iliyomchoma zaidi.

Mwaka ule ndio Mzee Hamad aliporudi, na ndio gari liliposhushwa bandarini Mkoani. Mtaa mzima ulikuwa ukitarajia pikapu. Mtu amekaa nje miaka yote ile, ataleta kitu cha kupakia mizigo, cha kuchukua wagonjwa na maharusi. Akaja na Kiatu. Nakumbuka alivyosimama nalo mbele ya nyumba, mvi kichwani, shati jeupe, anatabasamu kama mtoto aliyefaulu mtihani, na Bi Mize akatoka barazani anafuta mikono kwa kanga. Alilizunguka lote bila ya kusema. "Hiki nini?" aliuliza. "Gari, Mize." "Na sehemu iliyobaki inakuja na meli gani?" Watu walikufa kwa kicheko. Mzee Hamad naye alicheka, lakini mimi niliyekuwa karibu nilimsikia akisema kwa sauti ya chini, "Viti viwili tu. Mimi na weye. Sikutaka cha tatu." Bi Mize alimtazama. "Kwa tulivyoishi," alisema, "kimoja kingetosha." Akaingia ndani.

Alikuwa hapandi. Alilifuta vumbi, alilifunika turubali usiku lisinyeshewe, lakini kulipanda, hata. Mpaka siku moja alasiri, nimelala chumbani nasubiri jua lipungue nirudi kazini, nikamsikia upande wa pili wa ukuta. Hakuwa anagomba. Alikuwa anasema polepole, na kwa sababu alikuwa hasemi polepole kawaida, ndiyo maana nilisikia kila neno. "Mwenzangu, miye sitaki mkufu wala sitaki friji. Nataka siku ya Idd wanione Kengeja nashuka garini, na mume wangu kakaa pembeni yangu. Basi. Wala sitosema neno. Nishuke tu, wanione." Nikasikia Mzee Hamad anaketi kitandani. Kisha akasema, "Wallahi utashuka." Kesho yake alikuja gereji kwangu kabla sijafungua sanduku. "Kombo mwanangu," alisema, "gari hili lisipofika Kengeja na Bi Mize ndani yake, basi mie nimerudi bure." Hakuwa anatania.

Sasa tatizo la lile gari lilikuwa hivi. Mwenyewe wa mwanzo huko nje alikuwa akishindana nalo mbio, na alilipima magurudumu yake kwa mashindano. Kwa juu yalilala ndani sana, na ya mbele yalitazama nje kidogo, kila moja na upande wake. Kwenye uwanja wa mashindano hiyo ndiyo sifa, gari linachangamka, ukifikiria kona limeshakata. Barabarani ni balaa. Linafuata kila mtaro, linakula tairi upande wa ndani, na dereva hapumziki, kila dakika analirudisha njiani kama mtu anayevuta mbuzi. Nilimweleza Mzee kuwa tutayasimamisha magurudumu, na ya mbele tutayabana kidogo yatazamane, ili litulie. Lakini gari lenyewe jepesi mno. Lori hata ukipanda na ukoo wako mzima halijui. Hili, ukiweka mkungu wa ndizi kitini, upande ule unakaa chini na gurudumu linabadilisha mlalo wake, na barabara zetu zenyewe zimeinama pembeni ili maji yashuke, basi linavuta. Kwa hivyo haliwezi kupimwa tupu. Lipimwe na watu wake ndani, au na uzito wao.

Mashine ya kupimia haikuwapo kisiwani, au kama ilikuwapo mimi sikuijua. Tulichokuwa nacho ni akili na sakafu. Rafiki yake Mzee, Bwana Nassor wa Pujini, alikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia karafuu, pana, laini, na tulisubiri siku ambayo karafuu kavu zimeondoka na mbichi hazijaletwa, tukaifagia. Usawa wake niliupima kwa mpira wa maji, ule wanaotumia waashi. Chini ya magurudumu ya mbele niliweka mabati mawili yamepakwa grisi katikati, yageuke bila ya kubanwa. Kisha nikavuta mishipi ya kuvulia, mmoja kila upande wa gari, imenyooka, na kila kipimo nilikitoa kwenye mshipi kwenda kwenye ringi, mbele na nyuma. Na mlalo wa gurudumu niliusoma kwa timazi. Hiyo ndiyo wili alaimenti yangu, na naomba mtu asinicheke, maana imepitisha magari mengi.

Ukaja uzito. Mzee Hamad alikanyaga mizani ya karafuu mbele ya wachambuaji wa karafuu, na wale kina mama kwenye majamvi yao hawakumwacha salama. "Daraja la ngapi huyo?" mmoja aliuliza. Mwengine akamgusa mkono, "Bado mbichi, mrudisheni juani!" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikajaza gunia la makonyo, vile vikonyo vya karafuu, na mawe mpaka likalingana naye, nikaliweka kiti cha kulia. Kisha likabaki gunia la pili. Fundi wa kwingine angeuliza, mkeo ana kilo ngapi, akajibiwa, akaendelea na kazi. Kwetu, unaanzaje? Kumuuliza mwanamme uzito wa mkewe, mbele za watu, na mkewe ndiye anayekupakulia muhogo kila siku? Nikasema huku naangalia spana, "Na... upande ule, Mzee?" Naye akaangalia chini. Mtu alikuwa hata miezi michache hajamaliza nyumbani; alikuwa akizungumza na mkewe kwa adabu kama mgeni. Akalichukua gunia lililojaa nusu, akalinyanyua kwa mikono miwili kifuani, namna mtu anavyombeba mtoto aliyelala, akafumba macho. "Punguza," alisema. Nikapunguza. Akanyanyua tena. "Punguza kidogo tena." Kisha akasimama nalo vile vile, ametulia kabisa. "Hapo," alisema. "Hapo ndipo." Mimi niliona kuwa gunia dogo. Kila siku namuona Bi Mize na ndoo zake. Lakini nimwambie nini, Mzee, mkeo mnene kuliko hivyo? Nililifunga mdomo, nikaliweka kitini, nikaingia chini ya gari.

Lilikwenda sawa sawa, na magunia yake. Tulilipeleka Chake na kurudi, Mzee akaachia usukani kwenye njia iliyonyooka na gari likaendelea na njia yake. Idd ikaja. Bi Mize alitoka amejifukiza udi, buibui jipya, kikapu cha mikate ya kumimina kimefunikwa kitambaa, akaingia Kiatu kwa namna ya mtu anayeingia maji baridi, na mtaa ukapiga vigelegele. Mimi nilirudi ndani kulala. Nilichokuja kusikia ni kuwa kabla hawajafika mbali gari lilianza kuvuta kushoto. Mzee alikuwa akilirudisha, linavuta, analirudisha. Bi Mize alikuwa ameshika kikapu na anaitazama mikono ya mumewe jinsi mishipa ilivyosimama. Kwenye pahali lami imekatika pembeni tairi likashuka, na wakaingia na gari lao ndani ya shamba la muhogo la watu. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Vijana wa pale walilinyanyua mikononi wakalirudisha njiani, kama wanahamisha kitanda. Lakini Bi Mize alikuwa ameshajipangusa, amesimamisha lori la abiria linalokwenda Kengeja, amepanda nyuma na kikapu chake, kati ya watu na kuku. Mzee akafuata na Kiatu. Wakafika hivyo. Yeye anashuka kwenye lori, mume anaingia nyuma yake na gari jekundu lenye kiti kitupu, watoto wanalikimbilia wanashangilia. Dada yake mkubwa alikuwa mlangoni. Alimtazama Mzee Hamad, akakitazama kiti, akauliza neno moja tu: "Pekeako?"

Nimeishi kwenye nyumba zenye ugomvi, na ni afadhali ugomvi. Wiki zile hakuna kilichopita juu ya ukuta. Bi Mize alipika kama kawaida, pengine vizuri zaidi, alimpelekea mumewe sinia yake na wali wa nazi na mchuzi wa pweza, akaiweka, akasema karibu, akaenda kula uani na mimi kizingitini. Mzee alikuwa akila kidogo tu. Siku moja alikuja gereji akakaa juu ya tairi bovu. "Litafutie mtu," alisema. "Na mie nitatafuta meli. Mtu mzima anajua pahali asipotakiwa." Nilimwambia asiseme hivyo. Aliuma mdomo kama mtoto. Nami nilikuwa nikijua hesabu ya lile gari imeharibika wapi, ila ulimi wangu haukuweza kulisema mbele ya mume mtu.

Kumbe neno lile lilikuwa linasubiri mkaa. Asubuhi ile Bi Mize aliingia bandani kuchukua mkaa, na akayakuta magunia mawili niliyoyarudisha kutoka Pujini na kuyasahau kwenye kona. Mimi nilikuwa uani namalizia chai. "Kombo, haya ya nini?" Nikamwambia ni ya kupimia gari, mzigo wa kuweka kitini badala ya watu. "La Mzee lipi?" Nikamuonesha. "Na hili?" Nikaangalia kikombe changu. Alinitazama, akaliinua lile dogo kwa mkono mmoja tu, kama anainua kuku. "Hili ndilo miye?" "Bi..." "Sema, Kombo. Hili ndilo miye? Nani kalipima?" Nikasema Mzee. Kalipima kwa kitu gani? Kwa mikono, Bi. Alilinyanyua hivi, kafumba macho, akasema hapo ndipo. Nilitarajia aliangushe aje juu yangu. Badala yake alikaa kwenye kigoda na gunia mapajani, akaanza kucheka. Alicheka vizuri tu, kicheko cha mtu aliyepata kichekesho, kisha kikageuka katikati na akajifunika uso kwa kanga. "Huyu ndiye yule msichana aliyemuoa," alisema humo ndani ya kanga. "Miaka yote hiyo miye nadhani alimwacha hapa. Kumbe alimchukua." Sikujua pa kuweka macho wala kikombe. Baadaye alijifuta, akasimama na kuwa yule yule tena. "Mwambie atoe gari, twende huko Pujini. Lakini msiniletee mizani yenu. Miye si karafuu. N'takaa mwenyewe."

Sakafu ya Bwana Nassor iliombwa tena, na safari hii kina mama wa majamvi walinyamaza wenyewe. Bi Mize aliingia kiti cha kushoto na buibui lake, Mzee Hamad kiti cha kulia, wametazama mbele wote wawili kama wanapigwa picha, na gari halijawashwa. Kiatu kilikaa chini upande wake, nikauona mshipi na ringi vimeachana. Nikaingia chini na spana. Kurekebisha kule hakutaki haraka: unalegeza nati, unazungusha fimbo ya usukani kidogo, unatoka kupima, unarudi. Lakini safari moja niliporudi chini waliniona kama sipo, au waliniona na wakaamua basi, na mimi nikabakia na spana yangu kifuani, uso wangu karibu na miguu yao, kati yetu ni bati tu.

"Uliporudi," Bi Mize alisema, "ulinitazama lini?"

"Kila siku nakutazama."

"Muongo. Unatazama sahani."

Nilisikia Mzee anakwaruza usukani kwa ukucha. "Naona haya, Mize," alisema.

"Haya ya nini? Mume na mke?"

"Nimemwacha msichana. Nimerudi nakuta mwanamke mkubwa na nyumba yake, anajua kila kitu, hahitaji mtu amletee maji. Mie hata kisu sijui kinawekwa wapi. Nikajiona mimi ndiye mwepesi humo ndani. Basi nikabaki na yule, kwa sababu yule alikuwa akinihitaji."

"Alikuhitaji, ndiyo," Bi Mize alisema. "Mwaka wa kwanza akikupakulia kabisa, sinia yako pembeni. Kisha akaacha, maana samaki walikuwa wakioza." Nilisikia wote wawili wanacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha sauti yake ikashuka. "Hamad, yule hayupo. Alikungoja mpaka akawa miye. Huyu uliyemkuta ndiye aliyengoja. Kama humtaki huyu, nambie leo, nimo tayari, nimekaa kitako."

Hapo niliogopa, wallahi niliogopa kuliko siku jeki ilipoteleza. Kisha gari likayumba kidogo juu yangu, na kwa timazi iliyokuwa ikining'inia kwenye gurudumu nikajua kuwa mtu wa kulia amesogea upande wa kushoto. Alikuwa akilia. Sauti ya mwanamme mzee anayelia si nzuri kuisikia, lakini ile nilifurahi kuisikia. "Nakutaka weye," alisema. "Na uzito wako wote." Bi Mize alimwacha alie. Baada ya muda akagonga sakafu ya gari kwa kisigino, juu ya pua yangu. "Kombo! Umelala huko chini?"

"Sijalala, Bi."

"Basi kaza hizo nati zako, jua linatuchoma."

Nilikaza. Grisi ilikuwa imenijaa machoni, au niseme grisi. Wiki iliyofuata walikwenda Kengeja, siku ya kawaida tu, watu wako mashambani. Mwendo wote gari halikuvuta kushoto wala kulia. Safari ile niliisikia mara mbili juu ya ukuta. Kwa masimulizi ya Mzee, yeye aliachia usukani mikono yote miwili kwenye njia iliyonyooka, kumuonesha, na Bi Mize alitabasamu. Kwa Bi Mize, yeye alipiga ukelele na kumpiga kofi la bega. Lakini penye mlango wa dada yake walikubaliana. Dada alikuwa barazani anamenya muhogo, hapakuwa na mtu mwengine wa kuona isipokuwa watoto wawili na mbuzi. Bi Mize alikaa garini kidogo zaidi ya lazima, kisha akashuka polepole, na Mzee Hamad amekaa pembeni yake. Hakusema neno, kama alivyoahidi. Dada yake alisimama na kisu mkononi, akawatazama wote wawili. "Karibuni," alisema. Ni hilo tu. Bi Mize alilisimulia neno hilo mpaka uzeeni, na kila akilisimulia alilivuta lile "ni" la mwisho.

Waliishi hivyo miaka mingi, Alhamdulillahi, na Kiatu walikipanda mpaka Mzee alipochukuliwa na maradhi. Magurudumu nikiyapima mimi, na kila nikipima nilikuwa nikiwaita wote wawili wakae. Mzee alizidi kukonda na Bi Mize alizidi kunenepa, nikarekebisha. Hawakuwahi tena kuniletea gunia.

Basi wiki iliyopita nililipeleka Pujini kwa mara nyengine. Sakafu ni ile ile, imepasuka kidogo kwenye pembe, na siku hizi ni ya mtoto wa Bwana Nassor. Tairi mpya nimetia, bushi nimebadilisha, mishipi nimevuta. Kijana wa Wete alikuja, mpole, ana ndevu changa, anaona fahari hata kuligusa. Maamkizi yalipokwisha nikamwambia aingie kiti cha kulia, maana yeye ndiye dereva wake. Nikamuuliza, na kitini pale atakaa nani. Akatabasamu, akatazama chini. "Mke wangu, Mzee. Tumeoana juzi juzi tu."

Nikautazama mbonyeo wa kile kiti, kipimo mkononi. Yeye akadhani sikuelewa. "Mwembamba tu," alisema, na akaonesha kwa mikono, nafasi ndogo baina ya viganja viwili. "Mwepesi sana. Hata ukiweka kigunia chochote hapo kitatosha." Nilimuona amefumba macho kidogo alipokuwa akiipima ile nafasi. Zuwena, aliyekuja kunishikia mshipi upande wa pili, alikuwa ameinama amekwishashika gunia. Nikamwambia aliache chini.

"Yuko wapi mkeo?" nilimuuliza kijana.

"Nyumbani Wete, Mzee. Anaona haya kuja mbele za mafundi."

"Mwendee," nilimwambia. "Mwambie aje akae mwenyewe. Nitasubiri."

Alikwenda. Nilifagia sakafu tena ingawa ilikuwa safi. Waliporudi jua lilikuwa limeanza kulegea, na binti yule alitoka nyuma yake na ushungi umemfika kwenye nyusi, akanisalimu shikamoo kwa sauti ambayo haikusikika, akaingia kiti cha kushoto. Alizama kwenye ule mbonyeo wa Bi Mize, akashtuka, akacheka. Mumewe naye akacheka. Nikawaambia wasishuke mpaka niseme, na wasinijali mimi, kazi hii inachukua muda. Kisha nikalala chali, nikajisukuma chini ya gari, nikashika nati, nikasubiri waanze kuzungumza.